Gia ya Pili Inaporuka: Usiilaumu Giaboksi Mapema

Mvua za Aprili zikishika Uasin Gishu, malalamiko ya waendeshaji boda wa Yamumbi huwa yaleyale. Gia ya pili inaruka pikipiki ikipanda na mzigo. Fri haipatikani ukisimama steji. Injini inanguruma lakini tairi halisukumi. Fundi akisikia hayo, mara nyingi hukumu yake ni moja: giaboksi imekwisha, injini ifunguliwe. Kwa mtu anayelipia pikipiki ya mkopo, hizo ni siku kadhaa bila kazi na pesa nyingi za spea, na mara nyingi hukumu yenyewe si sahihi. Matatizo mengi yanayobandikwa jina la giaboksi huanzia nje yake, kwenye oili, klachi na cheni. Yakiachwa huko muda mrefu, ndipo giaboksi nayo hufa kweli.

Ili kuelewa hilo, tutazame ndani. Kuna shafti mbili zilizolala sambamba. Moja hupokea nguvu kutoka kwa klachi, nyingine huipeleka kwenye sproketi ya mbele. Kila gia ni jozi ya magurudumu ya meno, moja kwenye kila shafti, na jozi zote zimeumana muda wote, hata pikipiki ikiwa fri. Ukikanyaga gia, dramu yenye mifereji huzunguka hatua moja. Mifereji husukuma foki, na foki hutelezesha gurudumu moja kando hadi vishikizo vilivyo ubavuni mwake vinase kwenye matundu ya jirani yake. Vishikizo hivyo vichache ndivyo vinavyobeba dereva, abiria na gunia la mahindi la kilo 90.

Kingo za vishikizo lazima ziwe kali. Kiwandani huchongwa zikiinama kidogo kwa ndani, ili mzigo ukizidi vivutane badala ya kuachana. Zikishalika na kuwa za mviringo, mambo hugeuka: kadiri unavyoongeza mafuta mlimani, ndivyo zinavyosukumana zitoke. Hapo ndipo gia huruka. Zinalika kwa sababu ya mguu unaokanyaga nusu nusu, kubadilisha gia bila kushika klachi, na mazoea ya kuegemeza kisigino kwenye kanyagio mwendo mzima. Mazoea haya ya mwisho ni mabaya kuliko yanavyoonekana, kwa sababu foki hubaki ikikandamizwa na kusuguana na gurudumu linalozunguka, hadi iwe nyembamba au ipinde.

Mpangilio huu si wa boda peke yake. Pikipiki za magurudumu manne zinazotengenezwa kwa ajili ya michezo, kama Yamaha Raptor 700 iliyotoka 2006 ikiwa na gia 5 na rivasi, zina shafti, dramu na foki za namna hiyohiyo, na hulalamika kwa dalili hizohizo. Lakini Honda TRX450R ya 2004, iliyojengwa kwa mashindano, inatufunza jambo. Wahandisi wake walitenganisha oili: moja ya pistoni na valvu, nyingine ya klachi na giaboksi. Walitaka unga wa pleti za klachi usifike penye kranki, na joto na masizi ya injini yasifike kwenye klachi. Pikipiki ya boda haina kinga hiyo. Oili moja, takriban lita moja tu, hulainisha pistoni, hupoza klachi na kulinda meno ya gia. Ikichafuka, imechafukia vyote.

Na klachi ya boda huogelea ndani ya oili hiyo. Pleti zake zinategemea msuguano, kwa hiyo oili inayofaa ni ile inayolainisha gia bila kuzifanya pleti ziteleze. Baadhi ya oili za magari huongezwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwenye gari hazina madhara kwa klachi, kwani klachi yake iko kavu, mbali na oili ya injini. Kwenye pikipiki, pleti hulainika na kuanza kuteleza. Ndiyo maana mwaka 1998 Wajapani waliweka kiwango cha JASO kwa ajili ya oili za pikipiki. Tafuta alama ya MA au MA2 kwenye chupa. MB ni ya pikipiki ambazo klachi yao haimo ndani ya oili ya injini, hasa skuta. Oili inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye mtungi usio na maandishi sina neno jema kwayo. Kwa pikipiki inayobeba mizigo mimi ningeibadilisha kila kilomita 2,000, na kwa anayetembea kilomita 100 kwa siku, hizo huisha kabla ya wiki tatu.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo fundi wa Mombasa hakutani nalo. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa injini ya kabureta hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Pikipiki ileile inayoondoka kule Likoni, Mombasa, kwa ulaini, hapa ni lazima upandishe mwendo wa injini na kuachia klachi polepole ndipo iondoke na abiria wawili. Ongeza tope la barabara za ndani kuelekea Kapseret, ambako dereva hukaa nusu klachi akipapasa penye kukanyagika. Pleti huchomeka, huwa nyeusi na kung'aa, na oili hunuka kuungua.

Klachi inayoteleza hujulikana mapema: ukiwa gia ya juu, fungua mafuta, injini ikipanda na mwendo usipande, ni klachi. Inayodhuru giaboksi zaidi ni klachi isiyoachia, kwa sababu waya umelegea, pleti za chuma zimepinda, au kikapu kimechimbika mahali pleti zinapogota. Ukiishika, shafti bado inazunguka na vishikizo bado vimebanwa na mzigo, kwa hiyo fri haipatikani. Dereva hukasirika na kukanyaga kwa nguvu. Foki hupinda, kingo za vishikizo huumia, na waya ambao ungerekebishwa kwa dakika tano umezaa kazi ya kufungua injini.

Cheni nayo ina lake. Wengi huikaza pikipiki ikiwa tupu. Abiria wakipanda, mkono wa nyuma huinuka, cheni hukakamaa na kuvuta shafti ya kutolea nguvu, ambayo ikivutwa hivyo kila siku hula beringi na kuvujisha sili ya oili. Pima ulegevu mtu akiwa amekaa juu. Angalia pia raba zilizo ndani ya habu ya nyuma. Zikisagika, kila mshtuko wa shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye vishikizo.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, oili imwagwe kwenye chombo safi, ipitishiwe sumaku. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno au vishikizo. Unga mweusi usioshikwa na sumaku mara nyingi ni wa klachi. Kisha kifuniko cha upande wa klachi kitolewe, kwani kwenye pikipiki nyingi hapo ndipo ilipo nyota ya gia na kimkono chenye roli na springi kinachoikandamiza. Springi hiyo ndogo ikichoka, gia huruka ingawa vishikizo ni vizima, na hakuna haja ya kutenganisha injini.

Ikibidi kweli kufungua, gurudumu lenye vishikizo libadilishwe pamoja na mwenzake mwenye matundu, kwa sababu kingo mpya zikinasa kwenye matundu yaliyolika, gia itaruka tena baada ya muda mfupi. Foki ipimwe kwa kulazwa mahali bapa. Na kabla pande mbili za injini hazijafungwa, shafti zizungushwe kwa mkono na kila gia iingizwe, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi, mwenye pikipiki akiwa amesimama pale anatazama.