Gurudumu la nyuma kwanza

MTANGAZAJI: Ukirudi Bujumbura na kuanza kubeba mizigo kwa baiskeli kule Kiriri, pengine akiba yako itatosha gurudumu moja tu. Anza na la nyuma, ndilo linalobeba. Baiskeli nyingi za zamani za gia moja zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Basi hesabu matundu ya haba na ya rimu kabla ya kulipa. Yasipolingana, fundi hana la kufanya. Breki za vyuma hubana rimu upande wa ndani, kwa hiyo rimu ya breki za waya haifai. Na mteremko wa Kiriri unaujua! Tairi nalo lina mtego: 28 ziko za namna zaidi ya moja. Soma namba ndogo ubavuni: tairi la 622 halivai rimu ya 635. Nenda sokoni na tairi lako kuukuu.