Kijana Mkatoliki na maswali ya Kilwa

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tunayaleta mbele yako maswali ya kijana mmoja Mkatoliki, mwalimu wa sekondari aliyepangiwa kazi Kilwa akitokea upande wa Songea. Jina lake tunalihifadhi. Hakuja kusilimu wala kutafuta mjadala. Alisema amechoka kuujua Uislamu kwa kanda za mihadhara na uvumi wa vijiweni.

Swali lake la kwanza lilitokana na safari. Aliwavusha wanafunzi wake hadi Kilwa Kisiwani, wakauona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu. Kisha wakafika kwenye Gereza, wakaelezwa jinsi Mreno Francisco de Almeida alivyoiteka Kilwa mwezi Julai 1505, mji ukaporwa, na mapadri wa Kifransisko wakasimika msalaba huku wakiimba. Wanafunzi wakamgeukia mwalimu wao. "Sheikh, niliona haya," alituambia. "Je, msalaba ule ndio wangu?"

Tulimjibu kwa Sura al-An'am, aya ya 164, inayofundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Wareno wale walitaka kuishika biashara ya dhahabu ya Sofala, na mwaka 1512 waliiacha Kilwa. Lakini tuliona uso wake haujatulia. Lilikuwapo swali la pili, na adabu ilimzuia kulitamka. Kwao wazee husimulia habari za watu waliofungwa minyororo wakateremshwa pwani, wasirudi tena.

Hapa, ndugu msomaji, tuseme kweli. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Mwislamu na Mkristo katika karatasi moja ya dhulma. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya biashara hiyo katika bara letu la Afrika Mashariki. Hesabu zilizokusanywa na Waingereza zinaonesha kuwa kati ya mwaka 1862 na 1867 watu zaidi ya 97,000 walisafirishwa kutoka Kilwa, wengi wao kwenda Unguja. Wengi walitoka nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma, ndiko kwao kijana huyu. Walioongoza misafara ile wengi wao walielekea kibla.

Wapo wenzetu ambao jambo hili likitajwa huharakia kuwanyooshea kidole Wareno na Wajerumani. Sisi hatuoni kuwa hilo ni jibu. Qur'ani imeifanya kazi ya kumkomboa mtumwa kuwa sehemu ya njia ya mlimani katika Sura al-Balad, na katika Sura at-Tawba ikatenga fungu la zaka kwa ajili hiyo. Katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Tulimsomea kijana Hadithi hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hakuwahi kuisikia kwa Mwislamu yeyote.

Naye alitueleza la kwao: kwamba mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate, lenye kuwataka Wakatoliki wawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Tulifurahi. Hata hivyo hatukumficha tofauti iliyopo. Sisi tunamwamini Nabii Isa (A.S.), mwana wa Bikira Maryam, kuwa Mtume wa Mungu, wala hatumwiti mwana wa Mungu. Wakristo wa Najran walijadiliana na Mtume (S.A.W.) Madina juu ya jambo hilo hilo, wasikubaliane. Wapokezi wa sira wanasema waliachwa wasali sala yao ndani ya msikiti wake, na wakaondoka na mkataba wa amani.

Tunayakumbuka haya kwa sababu nchi yetu imekwisha kuonja uchungu. Mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam mwaka 1993, na Februari 2013 mchungaji aliuawa Buseresere katika ugomvi wa nani achinje. Kijana wetu amepanga chumba kwa mama mmoja mjane. Ramadhani mama humpelekea futari, na Krismasi mwalimu humwomba mtoto wa mama amchinjie kuku, ili mwenye nyumba naye ale.

Swali lake la mwisho lilihusu msiba. Ndugu wa mama huyo alifariki, naye akabaki nyumbani kwa kuchelea kukosea. Tulimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alilisimamia jeneza la Myahudi, na alipoulizwa, alijibu kwa kuuliza kama ile nayo si nafsi. Basi alisindikize jeneza hadi makaburini. Akauliza asimame wapi watu wakiswali. Tukamwambia: nyuma ya safu, kimya, na akikanyaga mkeka avue viatu.