Maji Yasiingie Kwenye Umeme

Maji na umeme ni wageni wasiolala chumba kimoja. Taa ya nje iliyoingiwa na mvua, ikiwa imefungwa kwenye nguzo ya chuma, huweza kumwua mtoto aishikaye nguzo hiyo. Redio ya doria iliyoingiwa na unyevu hunyamaza saa ile ile askari anapomwita mwenziwe. Yote mawili huanzia kwenye tundu dogo lisilozibwa vema.

Mara nyingi maji huifuata kebo, yakatambaa juu yake hadi pale inapoingilia sandukuni. Kwa hiyo yafaa kebo iingie kwa chini, nayo ipindwe ishuke kidogo kabla ya kupanda, ili matone yadondokee pindoni. Tundu lifungwe kwa kiunganishi chenye nati na pete ya mpira, kinacholingana na unene wa kebo. Kikiwa kipana mno, hata nati ikikazwa sana, maji yatapita.

Gundi nayo huchaguliwa. Silikoni inukayo siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula shaba; penye nyaya itumike ile isiyotoa asidi. Mpira wa asili huzuia maji, lakini ukiguswa na dizeli au mafuta ya injini huvimba na kulainika. Penye mafuta hufaa mpira wa nitraili. Tepu ya plastiki peke yake haitoshi kuzuia maji.

Mnunuzi atazame herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji: 4 hustahimili maji yanayorukia, 5 maji yanayopigwa kwa bomba, 7 kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho ni cha maji, si cha petroli wala dizeli. Na kiunganishi hukinga kikiwa kimeunganishwa na kukazwa barabara, si kikiachwa wazi.

Kabla ya kufungua chochote, swichi kuu izimwe. Kifaa kilicholowa kisiwashwe hata kidogo mpaka fundi akikague. Pete ya mpira iliyopasuka hugharimu kidogo, uhai haununuliwi. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.