Kete Moja Yaweza Kuangusha Nyumba

Wazee wa Kizaramo husimulia ya kuwa jina la Mwananyamala, mtaa wetu huu wa Kinondoni katika Dar es Salaam, latokana na maneno "mwana, nyamala", yaani mtoto, nyamaza. Kama ndivyo, maneno hayo yangefaa kuchongwa juu ya kila bao la mtaani. Maana jioni watu wawili wakiinamia bao chini ya mwembe, watazamaji huwa na maneno mengi kuliko wao. "Kula hapo!" "Usiende nyumba!" "Ah, amekwisha huyo!" Na mara nyingi asemaye sana ndiye asiyejua kuhesabu mbele hata kete tatu.

Kando yao hukaa vijana, kila mmoja na simu yake. Hao nao wako vitani. Wanaongoza majeshi ya kale: tembo wa vita, wapiga mishale juu ya ngamia, magari ya kukokotwa na farasi. Kijana aweza kukueleza nguvu za tembo wake na udhaifu wake bila kusita. Lakini umwulize kimbi ni nini, au nyumba ya bao yafaa isafiri lini, atakutazama tu. Babu yake aliyajua hayo. Na hapo ndipo penye hasara, ndugu wasomaji, kwa sababu maarifa haya kwa sehemu kubwa yamo vichwani mwa wazee, na mzee akienda huenda nayo.

Basi leo tuwatazame askari wa kale wa bao letu, tuone kila mmoja ana kazi gani, na jinsi mchezaji mwerevu anavyowatumia wale ambao wengine huwadharau.

TEMBO WA SATARANJI

Tuanze na mfano wa mbali. Mchezo wa sataranji ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi na kwa Waarabu, ndipo ukafika Ulaya. Katika sataranji ya kale alikuwamo tembo. Mwendo wake ulikuwa wa ajabu: aliruka miraba miwili kwa mshazari, si zaidi wala si pungufu. Ubao una miraba 64, lakini tembo mmoja alikuwa na miraba 8 tu katika maisha yake yote. Huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15, walimbadilishia sheria wakampa mwendo mrefu, na Waingereza wakamwita askofu.

Mtu aweza kusema tembo yule wa kale alikuwa dhaifu. Kweli, lakini kwa kuwa aliruka, hakuzuiwa na yeyote aliyesimama njiani, na katika ile miraba yake 8 adui hakukaa kwa raha. Aliyejua miraba hiyo alikuwa na askari. Asiyeijua alikuwa na mzigo.

KETE ZOTE NI SAWA

Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, kila mtu 32, na kwa kawaida ni mbegu za komwe. Ndugu zetu wa Uganda nao wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, na Wamalawi wana bawo yao. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru katika Kenya, alikochimba Bibi Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, yako mashimo ya mchezo wa jamii hii yaliyochongwa katika mwamba.

Sasa tazama tofauti. Katika sataranji mfalme ni mfalme na askari wa miguu ni askari wa miguu. Katika bao hakuna kete iliyozaliwa na cheo. Komwe hii na komwe ile ni sawa. Cheo ni cha shimo, wala si cha kete. Ikiwa nyumbani ni tajiri, ikiwa kichwani ni mlinzi wa lango, ikiwa nyuma ni akiba. Aliyeelewa neno hili moja amekwisha kulielewa bao.

NYUMBA

Katika safu ya mbele kuna shimo moja lenye umbo la mraba. Hilo ni nyumba. Ukihesabu kutoka mkono wako wa kushoto, ni la tano. Mchezo unapoanza nyumba huwa na kete 6, na mashimo mawili yaliyo kuliani kwake huwa na kete mbili mbili. Kete 22 zilizobaki hushikwa mkononi, ukaingiza moja kila zamu. Hatua hii ndiyo kunamua. Kete za mkononi zikiisha yaanza hatua ya pili, iitwayo mtaji.

Nyumba ina haki yake. Wakati wa kunamua, ukila kete za mwenzio nawe ukamalizia nyumbani, una hiari: ulale hapo, au nyumba isafiri, yaani uzichote kete zote na kuendelea. Lakini ikisafiri mara moja, haki imekwisha. Wanafunzi wengi huisafirisha mapema kwa sababu yapendeza kusambaza kete nyingi. Baada ya zamu mbili hawana akiba wala kimbilio.

Kwa upande mwingine, kuilimbikiza bila kikomo nako ni hatari. Shimo lililo kushotoni tu kwa nyumba yako ndilo linaloikabili nyumba ya mwenzio. Yeye naye ana shimo la namna hiyo, linaloikabili yako. Akiwa na kete moja tu hapo, na zamu ni yake, ataongeza kete moja kutoka mkononi na kuila nyumba yako yote, iwe ina 6 au 12. Ndiyo maana tukasema kete moja yaweza kuangusha nyumba. Basi kabla hujahesabu utakachokula, tazama kwanza shimo lile. Kama lina kitu, mara nyingi dawa ni kukila mara moja kwa kunamua nyumbani kwako.

KICHWA NA KIMBI

Mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele, kulia na kushoto, ni vichwa. Linalofuata kila kichwa ni kimbi. Wageni wa bao huyaona mashimo haya kuwa ya pembeni yasiyo na kazi, kumbe ni milango ya jeshi lote. Kete zilizoliwa haziwekwi popote utakapo, bali huanza kuingizwa kutoka kichwani.

Ukila ukiwa kwenye shimo mojawapo la manne ya katikati, mwanzoni mwa zamu waweza kuchagua kichwa cha kulia au cha kushoto. Ukiisha kuchagua hugeuki. Lakini ukila ukiwa kwenye kichwa au kimbi, huna budi kuanzia kichwa cha upande huohuo, hata kama ulikuwa ukienda upande mwingine. Basi hapa ndipo mwendo wa jeshi hugeuka. Mtu aliyedhani mashimo yake ya kushoto yamepona hushtuka kuona mwenzie amefika kimbi, amekula, naye anarudi.

Na hesabu yake ni ya darasa la kwanza. Ukila kete 5 ukazianzia kichwa cha kushoto, ya mwisho huanguka nyumbani. Ukila 4 ukazianzia kichwa cha kulia, ya mwisho huanguka nyumbani pia. Mtoto akishika hesabu hizi mbili tu, atajua mapema kama zamu yake yaishia kwenye kimbilio au kwenye shimo tupu, ambapo hapana budi alale.

KETE MOJA YA CHAMBO

Katika bao, kula si hiari. Mwenye nafasi ya kula sharti ale. Sheria hii humpa mnyonge silaha, maana aweza kumlazimisha mwenye nguvu.

Tuseme vichwa viwili vya mwenzio ni vitupu. Ukimwachia kete moja tu ya kula, ataila, ataiingiza kichwani, shimo lilikuwa tupu, amelala. Zamu yake imekwisha kwa faida ya kete moja, nawe umepata nafasi ya kupanga pigo kubwa. Lakini hakikisha hiyo kete moja ndiyo nafasi yake pekee ya kula, na kwamba vichwa ni vitupu kweli. Kichwa kikiwa na kete, ataendelea, na chambo chako kitakuwa karamu yake. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wakati wa mtaji mambo hubadilika. Shimo lenye kete moja haliwezi kuchezwa, na lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha ulaji. Hivyo umaskini huzuia, na utajiri uliopita kiasi nao huzuia.

Wakati huohuo iko hila ya kutakasia. Asiye na nafasi ya kula hutakata, yaani hucheza bila kula. Akitakata kwa werevu hata mwenzie naye akose cha kula, na shimo moja tu la mwenzie liwe linatishwa, shimo lile hufungwa: mwenyewe haruhusiwi kulihamisha zamu ile. Lipo sharti, mathalani shimo hilo lisiwe nyumba wala lisiwe peke yake lenye kete katika safu ya mbele. Mzee akikutakasia, utaketi ukiliangalia shimo lako likingoja kuliwa.

SAFU YA NYUMA

Kete za safu ya nyuma haziliwi. Kwa hiyo mwoga huzirundika huko. Lakini sheria yasema mtu akikosa kete katika safu ya mbele, ameshindwa. Aweza kuwa na kete nyingi kuliko mwenzie, zote salama nyuma, na bado akanyanyuka ameshindwa. Akiba haiozi, ni kweli, ila akiba isiyotoka kulinda mlango haimsaidii mwenye nyumba. Fundi huiweka nyuma kwa hesabu, ili zamu moja tu iizungushe irudi mbele.

TUANZE NYUMBANI

Wako wasemao bao ni mchezo wa wasio na kazi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alijulikana kwa kulipenda bao, naye alikuwa na nchi nzima ya kuiongoza. Na mwaka 1995 mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, alitoa katika Leiden kitabu juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na namna wanavyofikiri. Mtu alitoka Ulaya kuja kuketi na wazee wetu ili ajifunze, nasi tunao barazani.

Ubaya huja pale fedha zinapowekwa kando ya ubao, au baba anapocheza mpaka usiku na kuni hazijapasuliwa. Hilo si kosa la kete.

Kwa wazazi mlio vijijini, msingoje kununua bao la kuchongwa. Chimbeni mashimo 32 katika udongo mgumu wa uani, mkusanye komwe au vijiwe 64. Anzeni na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, hakuna cha mkononi, hakuna nyumba. Watoto wakizoea kula na kulala, wafundisheni kunamua, kisha nyumba, kisha kichwa na kimbi. Wasichana nao waketi, maana hesabu haichagui. Na babu aitwe mapema, akiwa na nguvu ya kueleza kwa nini amelala alipolala. Mjukuu akimshinda siku moja, mzee atanung'unika kidogo, kisha atawasimulia majirani.