JUMBA LA KIPANDE: MAWE YA ZAMANI, KAZI MPYA

Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street jijini Nairobi kuna jumba la mawe lililojengwa mwaka wa 1913. Linaitwa Kipande House. Wengi waingiao humo leo wanafuata pesa zao tu, kwa maana ni tawi la benki ya KCB.

Jina hilo lina uchungu. Enzi za mkoloni, mwanamume Mwafrika, hata kijana wa rika letu, alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, tajiri wake na mshahara wake. Ilitiwa katika kikebe cha bati, akaning'inizwa nacho shingoni kama mbuzi wa mnada! Harry Thuku na wenzake waliupinga mtindo huo, naye akatiwa mbaroni mwaka wa 1922. Vipande vilitolewa katika jumba hili. Hata leo wazee wengi huita kitambulisho "kipande", na ukifika dirishani benki jambo la kwanza ni kuulizwa hichohicho.

Sasa, nyumba kuukuu hugeuzwaje ofisi? Si mchezo. Katika maghorofa mengi ya siku hizi mzigo hubebwa na nguzo za zege, kwa hivyo mara nyingi ukuta wa katikati waweza kuondolewa. Katika nyumba nyingi za mawe za zamani, ukuta wenyewe ndio unaobeba sakafu na paa. Ukiubomoa ili upate ukumbi mpana, umeita maafa. Basi ni ofisi inayofuata nyumba, wala si nyumba kufuata ofisi. Nyaya za kompyuta hupitishwa ndani ya mabomba juu ya ukuta badala ya kuchimba mawe. Tena kuna lipu. Chokaa huacha unyevu utoke, lakini fundi mwenye haraka akipaka saruji, maji hunaswa ndani na mawe huanza kumenyeka.

Kuna wasemao ati lingefaa kuwa makumbusho. Ofisi ya zamani ya PC, iliyojengwa mwaka uohuo wa 1913, iligeuzwa kuwa Nairobi Gallery, na ni vyema. Lakini mimi naona benki ni mlinzi mzuri zaidi. Paa likivuja asubuhi, mafundi watakuwa juu kabla ya jioni. Nani atakubali maji yadondokee noti?