Simbu: sekunde tatu zilizochukua miaka minane

Katika matokeo ya marathoni ya wanaume ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, Jumatatu ya Septemba 15, 2025, mistari miwili ya juu ina muda mmoja. Alphonce Felix Simbu, Tanzania, saa 2:09:48. Amanal Petros, Ujerumani, saa 2:09:48. Watu wawili wamekimbia kilomita 42 na mita 195, wameingia Uwanja wa Taifa wa Japani wakifukuzana, na saa imeshindwa kuwatenganisha. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo ijulikane kwamba kijana wa Singida ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo ni kama sentimita 20, pungufu ya rula ya mtoto wa shule.

Usiku uliotangulia, uwanjani hapohapo, Oblique Seville wa Jamaica alishinda mita 100 kwa sekunde 9.77, akimwacha mwenzake Kishane Thompson kwa sehemu tano za mia. Maana yake ni kwamba marathoni iliamuliwa kwa pengo dogo kuliko mbio fupi za watu wenye kasi kuliko wote duniani.

Petros alikuwa mbele walipoingia kwenye mstari mnyoofu wa mwisho. Aliyewasha televisheni dakika hiyo angempa dhahabu palepale. Simbu akaanza kumla hatua kwa hatua, Mjerumani akahisi, akajirusha mbele kwa kifua na kuanguka chini, na wote wawili wakawa wamevuka. Simbu mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa na hakika ameshinda mpaka alipoliona jina lake juu kabisa kwenye skrini ya uwanja. Muitaliano Iliass Aouani akafika sekunde tano nyuma yao na kuchukua shaba.

Nyumbani ilikuwa saa 9 na dakika 40 usiku. Wilaya ya Ikungi, alikotoka Simbu, ilikuwa imelala, na Watanzania wengi waliipata habari hiyo pamoja na chai ya asubuhi: tumepata dhahabu ya kwanza katika historia yetu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha, yaliyoanza Helsinki mwaka 1983. Jioni ya siku hiyohiyo Singida Black Stars wakaifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2-1 jijini Dar es Salaam na kutwaa Kombe la Kagame. Mkoa mmoja, siku moja, mataji mawili ya kimataifa. Sijui mkoa mwingine wa nchi hii uliowahi kupata Jumatatu ya namna ile.

Mabao ya Singida Black Stars yana watu wa kuyasimulia kila kijiwe. Mbio za Simbu hazina, au wapo wachache mno. Muulize shabiki wa mpira nani alifunga dakika ya ngapi, atakujibu bila kupepesa. Muulize Simbu alikuwa wa ngapi Rio, au London, au Boston, atanyamaza. Makala hii ni ya kuzihesabu hatua hizo, kwa sababu dhahabu ya Tokyo haieleweki mpaka ujue yaliyoitangulia.

Tuanzie kwenye ardhi yenyewe. Singida iko juu ya uwanda wa kati, mji wake ukiwa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya upepo, mawe makubwa, alizeti na mvua za kubahatisha, na barabara kuu itokayo Dodoma hupita Manyoni na Ikungi kabla ya kufika mjini. Ukiendelea kaskazini unaingia Katesh, chini ya Mlima Hanang, kwao Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton na kurudi Brisbane mwaka 1982 kuchukua dhahabu ya mita 10,000. Mbele zaidi ni Mbulu, kwao John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji. Kisha Karatu, kwao Filbert Bayi. Kusini ni Dodoma, alikozaliwa Juma Ikangaa. Singida imekaa katikati ya ukanda huo wa wakimbiaji, lakini kwa miaka mingi majina makubwa yalitoka kwa majirani.

Simbu alizaliwa Februari 14, 1992. Alipokuja kujulikana alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na jambo hilo lina uzito wake. Bayi alikuwa mwanajeshi. Ikangaa alikuwa mwanajeshi. Mkimbiaji wa marathoni hujiandaa kwa miezi, akikimbia kilomita nyingi kila wiki, kwa ajili ya mbio mbili au tatu tu kwa mwaka, na akiumia goti mwezi mmoja kabla, jasho lote hilo halimlipi chochote. Mtu wa namna hiyo anahitaji mshahara usiotegemea matokeo ya Jumapili moja. Hapa kwetu, aliyeutoa kwa uhakika zaidi ni jeshi. Kambi yake imekuwa Arusha, kwenye baridi na vilima, chini ya kocha Francis John.

Dunia ilianza kumwona Agosti 21, 2016, siku ya mwisho ya Olimpiki ya Rio. Mkenya Eliud Kipchoge alishinda, na Simbu, akiwa na miaka 24, akamaliza wa tano kwa saa 2:11:15. Nafasi ya tano haina medali, lakini kwa nchi ambayo haijapata medali ya Olimpiki tangu Moscow 1980, Bayi alipochukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000, nafasi hiyo ilitosha kuwaamsha watu.

Mwaka uliofuata ndio uliomfanya. Januari 2017 alikwenda Mumbai na kushinda kwa saa 2:09:32. Nataka kutua kidogo hapa. Mumbai ni mji wa Sachin Tendulkar, mpigaji wa kriketi aliyestaafu Novemba 2013 mbele ya watu wa mji wake, akiwa amecheza mechi 200 za Test, amekusanya humo alama 15,921, na amefikisha alama mia moja au zaidi mara 100 katika mechi za kimataifa. Huko watoto wanazijua hesabu hizo kwa moyo, kama sisi tunavyojua jedwali la kuzidisha. Taifa zima limekuwa daftari la mtu mmoja. Safari ya miaka 24 ya Tendulkar haikuachwa ipotee kwa sababu kila aliyempenda alihesabu pamoja naye. Simbu naye alistahili daftari la namna hiyo tangu asubuhi ile alipokata utepe katika mji wa Tendulkar, lakini hapa kwetu habari ikapita.

Aprili mwaka huohuo akawa wa tano London Marathon kwa saa 2:09:10. Akarudi London Agosti 6 kwa Mashindano ya Dunia. Geoffrey Kirui wa Kenya alikimbia peke yake mwishoni na kushinda kwa saa 2:08:27. Nyuma yake Tamirat Tola wa Ethiopia alikuwa amechoka, na Simbu akawa anamkaribia. Mstari ulifika mapema mno: Tola 2:09:49, Simbu 2:09:51. Shaba, kwa sekunde mbili. Ilikuwa medali ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo tangu Christopher Isegwe alipopata fedha ya marathoni Helsinki mwaka 2005, mwaka uleule ambao Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni kule Edmonton.

Sasa ziweke pamoja London na Tokyo. Shaba ya 2017 ilikuwa 2:09:51. Dhahabu ya 2025 ilikuwa 2:09:48. Kati ya medali hizo mbili kuna sekunde tatu na miaka minane.

Miaka hiyo minane haikuwa ya kupanda ngazi. Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, mbio zilizokimbiwa usiku wa manane kwa sababu ya joto, alimaliza wa 16. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilihamishiwa Sapporo Agosti 2021, akawa wa saba kwa saa 2:11:35. Birmingham, Julai 30, 2022, akapata fedha ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2:12:29, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kwenye milima ya kuelekea Versailles, akawa wa 17 kwa saa 2:10:03. Alikuwa na miaka 32. Wapo waliodhani amekwisha, na kwa mkimbiaji aliyetoka nafasi ya tano Rio hadi ya 17 Paris, dhana hiyo haikuwa ya ajabu.

Miezi minne baadaye, Desemba 2024, alikimbia Valencia kwa saa 2:04:38, akawa wa nne, na huo ukawa muda wake bora wa maisha hadi hapo. Aprili 2025 akaenda Boston. Mkenya John Korir alishinda kwa 2:04:45. Simbu na Cybrian Kotut wakafika pamoja kwa 2:05:04, na Simbu akachukua nafasi ya pili. Kwa hiyo Tokyo, alipokuwa bega kwa bega na Petros, haikuwa mara yake ya kwanza mwaka huo kumaliza marathoni ndefu kwa mbio fupi.

Ukitazama saa peke yake, utamkosa Simbu. Aliposhinda Tokyo, rekodi ya taifa ya marathoni haikuwa yake. Ilikuwa ya Gabriel Geay, saa 2:03:00, aliyoiweka Valencia Desemba 2022 alipokuwa wa pili nyuma ya marehemu Kelvin Kiptum. Na muda uliompa Simbu dhahabu ulikuwa nyuma ya muda wake wa Valencia kwa zaidi ya dakika tano. Sababu iko katika aina ya mbio. Valencia ni tambarare, baridi, na kuna waongoza kasi wanaolipwa kuwavuta wenzao mpaka wachoke wao. Kwenye Mashindano ya Dunia, Olimpiki, Jumuiya ya Madola na hata Boston, hakuna mtu wa kukuvuta. Kila mmoja anamchungulia mwenzake. Unakimbia taratibu kilomita nyingi ukilinda nguvu, joto linakubana, mtu anafyatuka kilomita ya 30 nawe huna budi kuamua kwa sekunde chache kama ni tishio la kweli au la kuzuga. Shaba ya London, fedha ya Birmingham, nafasi ya pili ya Boston na dhahabu ya Tokyo zote zimepatikana katika mbio zisizo na mwongoza kasi. Hiyo ndiyo rekodi yake, na kwa maoni yangu ni ngumu kuiweka kuliko muda wa Valencia, kwa sababu inahitaji akili iliyotulia wakati mapafu yanawaka.

Na kuna deni la zamani lililolipwa Tokyo. Ikangaa alikuwa mkimbiaji mkubwa, bingwa wa New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, lakini maisha yake yamejaa vidonda vya mita za mwisho. Brisbane 1982 alipokonywa dhahabu na Rob de Castella kwa sekunde 12. Fukuoka 1983 alizidiwa na Toshihiko Seko kwa sekunde tatu. Boston 1988 Mkenya Ibrahim Hussein alimshinda kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili. Ikangaa alipenda kuongoza tangu mwanzo na kuwachosha wenzake, kama Bayi alivyofanya Christchurch mwaka 1974 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.16. Kwa Bayi, katika mita 1,500, ilifaa. Kwa Ikangaa, yule aliyejificha mgongoni mwake ndiye aliyekuwa na mguu wa mwisho. Simbu amekimbia kinyume cha mila hiyo ya Kitanzania: amekuwa yeye anayesubiri, na Tokyo mguu wa mwisho ulikuwa wake.

Boston bado. Baada ya mara tatu za Ikangaa, Geay alikuwa wa pili mwaka 2023, sekunde kumi nyuma ya Evans Chebet, kisha Simbu mwaka 2025. Hadi mwaka huo ilikuwa nafasi ya pili mara tano kwa nchi moja, na hakuna mwanamume wa Kitanzania aliyekuwa amewahi kushinda mbio hizo. Kisha ipo Los Angeles. Olimpiki ya 2028 itamkuta Simbu akiwa na miaka 36, umri ambao Kipchoge alikuwa nao aliposhinda dhahabu yake ya pili kule Sapporo, siku ambayo Simbu alikuwa wa saba nyuma yake.