Mdundo Haumsubiri Mtu: Nyimbo za Kiingereza Darasani Simiyu

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali Bariadi, Maswa au Meatu amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia inamjia kwa Kiingereza. Nyumbani wengi huongea Kisukuma, hivyo Kiingereza ni lugha ya tatu, na nje ya darasa hana wa kukizungumza naye. Kiingereza kilicho hai anakipata redioni na kwenye simu, mara nyingi kikiwa kimeimbwa. Nasisitiza nyimbo hizo zitumike shuleni, ila kwa kazi zinayoiweza: kunoa sikio na ulimi kwanza, sarufi baadaye.

Silabi za Kiswahili na Kisukuma kwa kawaida huishia na irabu, wakati Kiingereza hurundika konsonanti. Chukua "asked", yaani aliuliza. Ni silabi moja tu, lakini kwetu hutamkwa "a-si-ke-di", silabi nne. Darasa zima likisoma pamoja, kosa hilo hakuna anayelisikia. Kwenye wimbo linajianika lenyewe, kwa sababu silabi nne haziingii kwenye pigo moja. Anayeziongeza anaachwa nyuma na muziki. Shadda nayo ni hivyohivyo. Sisi huiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Kiingereza huihamisha: "photograph" hukazwa mwanzoni, "photographer" hukazwa kwenye silabi ya pili. Mtunzi mzuri huangusha pigo zito palepale penye mkazo, na mwanafunzi anaunasa bila kukariri kanuni. Na kwa kuwa Kisukuma hakina sauti ya r, vina vya nyimbo ni mahali pazuri pa kuzoesha "right" na "light".

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 1992 Tim Murphey alichapisha uchambuzi wa nyimbo 50 za pop zilizokuwa zikivuma Ulaya. Aliona kwamba maneno yake ni mepesi, hurudiwarudiwa, na hutoka kwa karibu nusu ya kasi ya mazungumzo. Mwaka 2014 Karen Ludke na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 60 waliofundishwa vifungu vya Kihangaria: walioimba walivikumbuka na kuvisema vizuri zaidi kuliko waliovirudia kwa kusema.

Usukumani kujifunza kwa kuimba si jambo geni. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, kiongozi anatoa, kundi linapokea, jembe linashuka kwa mdundo. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimeshindana vizazi na vizazi, na maneno hushikwa kwa kusikia na kupokea. Mwalimu wa Kiingereza aazime mtindo huohuo: yeye atoe, darasa lipokee, makofi yashike pigo.

Kwenye sarufi, tahadhari. Waimbaji wengi husema "she don't" badala ya "she doesn't", hutumia "gonna" na "ain't", na hurundika vikanushi viwili. Kwenye mtihani wa kidato cha nne hayo ni makosa. "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, ya mwaka 1974, wengi huichukulia kuwa bila mwanamke hakuna kilio, kumbe kwa Kijamaika ni kumbembeleza mwanamke asilie. Dawa ni kuandika mistari michache ubaoni, darasa liimbe kama ilivyo, kisha kila mmoja aigeuze daftarini iwe Kiingereza cha mtihani. Mwanafunzi ajue kwamba zote mbili ni lugha, na kila moja ina mahali pake.

Palipo na utajiri wa sarufi ni kwenye nyimbo za majuto ya mapenzi. Zimejaa masharti ya aina ya "If he had written, I would have answered", ambayo ni "angaliandika, ningalijibu" yetu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayehangaika na kanuni hiyo kitabuni huielewa haraka akiisikia kwa mtu anayelia kwa kuachwa.

Simu moja na spika ndogo vinatosha, na wimbo uwe wa taratibu. Baada ya kuimba, zima muziki, kila mwanafunzi aseme kiitikio peke yake kwa sauti ya kawaida, kisha atunge sentensi yake kwa muundo uleule. Muziki huficha mengi, na kosa lililobaki utalisikia hapo.